Kijitabu, stika au kivuko: kuitangaza katuni yako ya mtandaoni ukiwa Mwanza

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchoraji wa katuni za mtandaoni akiufuata usemi huo kama ulivyo, atabaki akisomwa na binamu zake. Machinga wa Makoroboi wana bidhaa nzuri tu, na bado wanaita wapita njia tangu asubuhi. Sisi wachoraji tuna kazi ngumu kuliko yao, maana shati lililotundikwa linaonekana na kila anayepita. Katuni haionekani mpaka mtu atoe simu, awe na bando, aandike jina, halafu asubiri ukurasa ufunguke.

Hapa nalinganisha njia za kuitangaza katuni nje ya mtandao, katika maisha ya kila siku ya mji huu, kwa mtu mwenye pesa kidogo na nafasi ya jioni na Jumamosi. Kipimo changu ni kimoja. Siulizi ni wangapi watakaoiona. Nauliza ni wangapi wameketi, mikono iko huru, na hawana la kufanya kwa dakika kumi zijazo. Ukibishana na kipimo hicho utafikia majibu tofauti na yangu, na ni haki yako.

Kijitabu au stika

Tuanze na vitu vyenyewe kabla ya mahali pa kuvipeleka.

Kijitabu ninachokisema ni karatasi moja ya A4, bila pini wala gundi. Ikunje mara moja kwa urefu na mara mbili kwa upana. Ukiifungua, mikunjo imeigawa vipande nane. Kata kwa wembe ule mkunjo mrefu wa katikati, lakini katika vile vipande vinne vya kati tu, usifike ukingoni. Ikunje tena kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane, na karatasi inajikunja yenyewe kuwa kijitabu cha kurasa nane, kila ukurasa milimita 74 kwa 105. Kinaingia mfuko wa shati. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unachapa upande mmoja tu wa karatasi. Kumbuka kwamba kurasa nne za safu ya juu huchorwa kichwa chini miguu juu. Jaribu kwanza na karatasi tupu uliyoiandika namba, vinginevyo ukurasa wa tatu utauona mahali pa jalada.

Steshenari ikikutoza shilingi 100 kwa kopi, vijitabu 200 ni shilingi 20,000 na jioni moja ya kukunja ukiwa na wadogo zako. Mashine ya kopi nayo ina tabia zake. Kijivu chepesi hukimeza au hukigeuza madoa, na ukingoni kabisa haichapi. Chora kwa wino mweusi mzito, vivuli uvitie kwa mistari, na acha nusu sentimita pembeni. Ukurasa mdogo namna hiyo hauvumilii zaidi ya visanduku viwili au vitatu, na herufi za kwenye viputo zisishuke chini ya milimita mbili. Bibi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, hatatafuta miwani kwa ajili yako.

Ndani uweke nini? Wengi huweka mwanzo wa hadithi ndefu na kumalizia na "itaendelea mtandaoni". Mimi naweka kisa kizima, chenye mwisho wake. Najua magazeti ya hadithi yameishi miaka mingi kwa neno "itaendelea", lakini msomaji wao alikuwa amekwisha kulipa. Alikuwa ndani ya hadithi tayari. Huyu wako amepewa karatasi na mtu asiyemjua. Mpe kitu kilichokamilika, acheke, ndipo atake kingine. Na jina la katuni liwe ndani ya kila ukurasa, kwenye pembe ya kisanduku, kwa sababu kisa kikichekesha kitapigwa picha na kuzungushwa WhatsApp ukurasa mmoja mmoja, na jalada litaachwa nyuma.

Stika ina faida moja ambayo kijitabu hakina: maisha marefu. Kijitabu huishia kufungia ubuyu. Stika nzuri ya plastiki hukaa kwenye bodaboda mpaka pikipiki iuzwe. Lakini haina nafasi ya hadithi. Ina uso mmoja na jina, na uso usiofahamika hauna cha kumwambia mtu. Jua nalo lina kazi yake: katika wino wa kawaida rangi nyekundu na njano ndizo hupauka kwanza. Tazama mabango ya zamani kwenye madirisha ya maduka, yote yamebaki na ubluu. Kama mhusika wako anatambulika kwa kofia yake nyekundu, baada ya kiangazi kimoja atakuwa mtu mwingine.

Kwa hiyo kijitabu kwanza. Stika inamkumbusha aliyekwisha kusoma. Kumtambulisha mgeni haiwezi. Itengeneze pale watu wanapoanza kumwita mhusika wako kwa jina.

Tahadhari moja kwa watakaonogewa. Kijitabu cha kugawa mara moja moja ni tangazo. Ukianza kukitoa kila mwezi, kwa jina lilelile na namba ya toleo, unakaribia kuwa gazeti, na tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 gazeti linahitaji leseni. Uliza kabla hujafika huko.

Kwa msusi, kwa kinyozi au ndani ya Hiace

Ningeambiwa nichague mahali pamoja tu katika jiji hili, ningekwenda kwa msusi. Kusuka rasta ndogondogo ni kazi ya saa nyingi. Aliyekaa kusukwa hawezi kugeuza kichwa, hawezi kuondoka nusu kichwa, mikono yake iko huru na simu iko mapajani. Pengine katika mji mzima hakuna mtu mwingine mwenye muda wa namna hiyo mchana wa Jumamosi.

Mshindani wako pale ni tamthilia kwenye televisheni na umbea. Televisheni huwezi kuishinda, lakini umeme ukikatika ni zamu yako. Umbea usishindane nao, uongezee kuni. Kwa saluni chagua kisa kinachosomeka kwa sauti: mawifi, kodi ya nyumba, mchumba aliyesema yuko Geita kumbe yuko Buhongwa. Mmoja akisoma na kucheka, wa pili ataomba aone, na msusi mwenyewe atauliza nini kimetokea kwa sababu yeye ndiye mikono yake imekamatwa.

Namna ya kuingia nayo ina maana. Usiende na rundo la karatasi kama mtu wa kampeni. "Dada, habari za kazi. Nachora hadithi za katuni, nimekuletea chache wateja wasome wakisukwa. Siuzi, ni za bure." Mara nyingi atauliza: "Unataka nini sasa?" Mjibu ukweli: "Nataka wasome tu, wakipenda zipo nyingine mtandaoni." Kijitabu kimoja kitoboe, kitie uzi, kining'inie kwenye msumari karibu na kioo; hicho ni cha kubaki. Vingine viwe rundo la kuchukua. Bila hicho cha kuning'inia, siku ya tatu saluni haina hata kimoja.

Kinyozi anaonekana kama ndugu wa msusi, lakini hesabu zake ni nyingine. Mteja akishafungwa kile kitambaa shingoni, mikono iko chini yake na simu haishikiki. Wasomaji wako ni walioko kwenye benchi wakisubiri zamu, na benchi hujaa Jumamosi jioni na mkesha wa sikukuu. Siku za kawaida unaweza kukuta watu wawili. Anayenyolewa mpe bango. Ila usilibandike ukuta wa nyuma yake, kwa sababu ataliona kwenye kioo maneno yakisomeka kinyume. Libandike pembeni ya kioo, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, kisa cha visanduku vinne, herufi kubwa. Hadithi za mpira na mapigano huenda vizuri hapa kuliko kwa msusi.

Ndani ya Hiace, nyuma ya kiti cha mbele, kuna mahali ambapo macho ya abiria hutua kutoka Kisesa mpaka mjini. Watu wengi sana hupita hapo. Lakini abiria huyo amebanwa, ana mtoto au mfuko mapajani, na kutoa simu kwenye msongamano hakumpi raha. Utani wa visanduku vitatu na jina kubwa vinatosha. Usitegemee atoe simu afungue kitu. Zungumza na konda, lakini ruhusa yenyewe ni ya tajiri mwenye gari, na konda akibadilishwa wiki ijayo mpya anaweza kubandua kila kitu. Hiace ni nzuri kwa yule ambaye katuni yake inaishi kwa utani mfupi wa kila siku. Kwa hadithi ndefu ya mapenzi au ya kutisha, naiona kama kupoteza gundi.

Kivuko, stendi na uwanja

Kwa miaka mingi mahali bora pa kumpata mtu anayesubiri palikuwa Kigongo. Magari yalipanga foleni ya kivuko cha kwenda Busisi, watu wakashuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakazunguka bila la kufanya. Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na sasa watu wanavuka kwa dakika chache bila kushuka. Ni neema kwa wagonjwa na wasafiri. Kwa muuza mahindi na kwa mchoraji, soko limehama.

Limebaki nini? Kivuko cha Kamanga bado kinaondokea katikati ya mji, na watu hukaa wakisubiri kijae, kisha hukaa tena wakivuka Ghuba ya Mwanza. Boti na meli za Nansio huchukua saa kadhaa. Meli ya Bukoba ni usiku kucha. Kwa kipimo changu hivi ni vitamu, na kila safari inavyorefuka ndivyo utamu unavyozidi. Kuna kitu kimoja tu cha kukumbuka: huko katikati ya ziwa mtandao hupotea. Ukimpa abiria wa Ukerewe stika yenye anwani, umempa kitendawili. Mpe kijitabu chenye kisa kizima, na ukurasa wa mwisho umwambie afungue hadithi nyingine akifika gatini. Gawa kabla ya kupanda, wakati watu wamekwisha kukata tiketi na wametulia, na uanze na msimamizi wa pale. Ukimsalimia kwanza, anakuwa mwenyeji wako. Akikukuta tayari unagawa, anakuwa askari.

Stendi za Nyegezi na Nyamhongolo zina watu wengi zaidi kuliko gati lolote, na hapo ndipo wageni wa kazi hii hukimbilia. Tatizo ni kwamba abiria wa stendi anashambuliwa. Mpiga debe anamvuta begi, muuza maji anagonga dirisha, na kila mtu amejifunza kutikisa kichwa kabla hajasikia unachouza. Karatasi yako inaingia kwenye kichwa hichohicho kinachotikisika. Nafuu iko ndani ya basi la safari ndefu dakika chache kabla halijaondoka, kama dereva au kondakta amekuruhusu. Watu wana safari ya mchana kutwa mbele yao. Na hapa mchoraji wa mtandaoni ana faida ambayo mama lishe hana: mteja wa mama lishe akihamia Dar es Salaam amepotea, msomaji wako akihamia Dar ameongeza mji.

Uwanjani, sahau. Pamba Jiji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25, CCM Kirumba ilipata uhai, na kila mwenye cha kutangaza aliona umati. Umati ule umekuja kupiga kelele. Karatasi yako itakaliwa.

Kugawa au kuchora mbele ya watu

Huku Usukumani kuna shule ya zamani ya matangazo, na haina karatasi hata moja. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, hushindana kwa kucheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Dawa za mvuto zilitumika, nyoka wakaletwa, wachezaji wakapanda juu ya ngoma. Hawakumfuata mtazamaji mmojammoja kumwomba aje. Walifanya kitu ambacho mtu hawezi kukipa kisogo.

Mchoraji anacho kitu hicho. Kaa Kamanga, au kwenye kijiwe cha kahawa wanapocheza drafti, weka ubao mapajani uanze kumchora mtu aliyekubali kuchorwa. Dakika tano hazipiti watu wamesimama nyuma ya bega lako. Hakuna anayesimama nyuma ya bega la mtu anayegawa karatasi.

Kisha fanya hili: muulize aliyechorwa kama unaweza kumtia ndani ya kisa kijacho, awe abiria, muuza dagaa, mzee wa kahawa. "Mzee, shikamoo. Nikikuweka kwenye hadithi yangu ya Ijumaa, utaniruhusu?" Akikubali, mwandikie jina la katuni na siku. Mzee huyo atamtafuta mjukuu wake mwenye simu janja Ijumaa jioni, na kijiwe kizima kitataka kuona kama pua imetendewa haki. Akikataa, mpe mchoro wake na uachie hapo. Sura ni yake.

Ikiwa wewe ni mtu wa haya, njia hii itakuchosha kuliko vijitabu mia mbili, na huna haja ya kujilazimisha. Mwenye haya na mwenye mdomo hawafai kutumia njia moja. Wa kwanza ana msusi na msumari wa kuning'iniza. Wa pili akipoteza muda kukunja karatasi nyumbani, anapoteza kipaji.

Kwa wenye mdomo kuna pia siku kubwa za mwaka. Nane Nane ya kanda hii hufanyika Nyamhongolo, Agosti 1 hadi 8, na Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, huchezwa Bujora, Kisesa, mwezi Juni. Nane Nane ina familia zinazotembea polepole na watoto wanaovuta mikono ya wazazi, lakini ili upate meza inabidi ulipie au uingie chini ya kivuli cha taasisi fulani, na umezungukwa na matrekta. Bulabo haihitaji meza, ila ngoma zinawazidi wote. Ningekwenda Bujora kuchora wachezaji na kupata visa, na ningekwenda Nyamhongolo kutafuta wasomaji.

Chuo au shule

Swali hili linajibiwa na simu. Shuleni wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, hivyo katuni ya mtandaoni imegonga ukuta kabla haijaanza. Kijitabu kitasomwa sana, kitapita dawati kwa dawati chini ya meza, na kitaishia kwenye droo ya mwalimu wa nidhamu. Ukitaka shule, mwone mkuu wa shule na utoe kitu: Jumamosi moja ya kufundisha watoto kuchora nyuso. Watoto watakwenda nyumbani na kijitabu, na simu ya mama itafanya kazi jioni. Hii inafaa kama hadithi yako mtoto anaweza kuisoma mbele ya mzazi. Kama haifai, usikaribie geti.

Chuo ni mahali pengine kabisa. Pale SAUT, Malimbe, kila mwanafunzi ana simu janja, wengi wametoka mikoa mingine, na likizo ikianza wanarudi Kigoma, Mbeya na Tanga wakiwa na hadithi yako kichwani. Wanasoma usiku, wanatumiana viungo kwenye makundi ya darasa, na wanapenda kuwa wa kwanza kujua kitu. Ubao wa matangazo wa chuo umejaa. Nenda zilipo steshenari na migahawa ya nje ya geti, ambako watu husubiri kopi na chipsi. Wakati mzuri ni wiki za mwanzo za mwaka wa masomo, kabla makundi ya marafiki hayajajifunga na kabla pesa ya mkopo haijaisha.

Fulana, mfuko au kalenda

Fulana ndiyo kila mtu huanza nayo, nami naiweka mwisho. Inagharimu kuliko vijitabu vingi, inavaliwa na wewe na rafiki zako ambao tayari wanasoma, na hakuna anayesoma kifua cha mtu kwa zaidi ya sekunde mbili bila kugombana.

Mfuko una akili zaidi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kila nyumba ina mifuko ya kubebea inayorudi sokoni wiki baada ya wiki. Mfuko wenye mhusika wako utafika Mlango Mmoja na Soko Kuu bila wewe kwenda. Mpe msusi aliyekukubalia, mpe muuza kahawa.

Lakini mshindi hapa ni kalenda, na nashangaa wachoraji wachache huifikiria. Katika nchi hii kalenda haitupwi. Inatundikwa sebuleni, dukani, kwenye banda la chipsi, na inabaki hapo hata mwaka ukiisha kwa sababu picha ni nzuri. Wabunge wanalijua hilo, makanisa wanalijua hilo. Karatasi moja kubwa ya ukutani yenye kisa cha visanduku kumi na viwili, kila mwezi na kisanduku chake, tarehe za sikukuu zikiwa sahihi (hapo usikosee, watu hupangia harusi), na jina la katuni chini. Unaweza hata kuiuza. Ubaya ni kwamba ina msimu mmoja: uwe umemaliza kuchapa mwanzoni mwa Desemba, kwa sababu katikati ya Januari haina mnunuzi, na pesa unaitoa yote kwa mkupuo. Si njia ya kuanzia. Ni njia ya mwaka wa pili.

Mraba wa QR au jina la kutafuta

Chochote utakachochagua, karatasi lazima imfikishe mtu kwenye katuni. Mraba wa QR, ule wa vidoti unaosomwa kwa kamera ya simu, ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya vipuri vya magari, kwa hiyo umezoea vumbi na mikwaruzo. Ukiutengeneza katika kiwango cha juu cha kujirekebisha unasomeka hata kama asilimia 30 imeharibika. Kwenye kijitabu uwe na upana wa sentimita mbili au zaidi. Kwenye bango la kusomwa kutoka mita moja, sentimita kumi. Pembezoni mwake acha weupe, usiuzungushie maua. Anwani ikiwa ndefu, vidoti vinakuwa vingi na vidogo, na kopi ya steshenari itavichanganya. Tumia anwani fupi.

Kuna jambo la watu, mbali na la mashine. Mraba huo wengi wameuona dukani, karibu na namba ya kulipia. Mtu akiuona kwenye karatasi ya bure anaweza kuhisi anaombwa pesa. Andika juu yake kwa herufi kubwa: SOMA BURE.

Jina linalotamkika lina nguvu kuliko mraba kila mahali ambapo habari hupita kwa mdomo, na katika mji huu nyingi hupita hivyo. Ila kanda hii yetu ina mchezo wa l na r. Jina la katuni lenye herufi hizo litatamkwa namna mbili na kuandikwa namna mbili, na msomaji mmoja kati ya hao hatakuona. Chagua jina lisilo na mtego huo, au hakikisha maandishi yote mawili yanamfikisha kwako. Weka vyote kwenye karatasi, mraba na jina, lakini stika ya Hiace na bango la kinyozi jina ndilo liwe kubwa.

Na akifika, asikute ukurasa mzito. Picha yenye upana wa pikseli 800 inatosha simu. Kisa cha kwanza kizima kisizidi megabaiti moja. Mtu aliyejiunga bando la siku hawezi kukusamehe.

Kujua kipi kinafanya kazi, na uanze na kipi

Usikisie. Kila mahali pape mlango wake: anwani ileile, lakini mkiani neno tofauti, moja la msusi, moja la Kamanga, moja la Malimbe, kila moja na mraba wake. Mwisho wa mwezi hesabu ya walioingia itakuambia bila kubishana na mtu. Mlango ambao haujafunguliwa, acha kuulisha karatasi.

Ukiwa na shilingi 20,000, chapa vijitabu na uvigawe kati ya saluni chache na kivuko. Usiongeze kitu cha tatu. Ukiwa na pesa zaidi na mdomo hauna, ongeza saluni. Ukiwa na mdomo na pesa huna, beba ubao wa kuchorea uende kwenye kijiwe cha kahawa. Na kama hadithi yako inahusu ziwa na unataka wavuvi wa dagaa waisome, usiende mwaloni Kirumba alfajiri mzigo unaposhushwa. Karatasi italoa, nawe utasukumwa na mabeseni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Angalia mwezi mpevu unaangukia lini, nenda siku hizo mchana, utawakuta wamekaa wakishona nyavu na wana muda wa kukukosoa mtumbwi ulivyouchora. Hakikisha tu kabla ya hapo kuna visa vitano au zaidi mtandaoni, kwa sababu mvuvi aliyemaliza kimoja akakuta hakuna cha pili hatarudi kuangalia mwezi ujao.